Uzi: Gesi ya sumu ikivuja, kwa nini zimamoto wanasimama mbali kabla ya kuingia

Kamba_ya_Uokozi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za leo.

Kila gesi inapovuja mahali, malalamiko ni yale yale: "Zimamoto walikuja wakasimama kule mbali wanatazama tu, watu wanakufa." Nimeitumikia kazi hii miaka mingi na sasa nafundisha vijana wanaoingia. Maneno hayo yananiuma, kwa sababu kijana akiyasikia mbele ya umati hukimbilia ndani ili asionekane mwoga, na huko ndiko tunakowapoteza. Naomba niwaeleze kinachofanyika pale mnapotuona tumesimama. Uzi utakuwa mrefu, mnivumilie.

Kazi inaanza garini, kabla hatujafika. Swali la kwanza ni upepo unatoka wapi. Dereva hafuati njia fupi, anafuata njia itakayomfikisha na upepo kisogoni, na penye mwinuko anauchagua mwinuko. Wakati mwingine analazimika kuzunguka kabisa huku watu wakimpungia mikono, wakidhani amepotea njia.

Klorini, mathalani, ni nzito karibu mara mbili na nusu kuliko hewa. Ikitoka inatambaa, inaingia mitaroni, inashuka kwenye vyumba vya chini ya ardhi na kujaa mabondeni. Kule Graniteville, Marekani, usiku wa kuamkia alfajiri ya 6 Januari 2005, swichi ya reli ilikuwa imeachwa ikielekea njia ya pembeni. Treni ya mizigo ikaingia huko na kuigonga nyingine iliyokuwa imeegeshwa. Behewa moja la klorini likatoboka. Watu 9 walikufa na zaidi ya 5,000 wakahamishwa. Behewa moja tu.

Amonia nayo ina mtego wake. Vitabuni utasoma kwamba ni nyepesi kuliko hewa, na ni kweli. Lakini ile ya viwandani hutunzwa ikiwa kimiminika, na huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri. Ikifyatuka inakuwa ukungu mweupe wa baridi, unaolala chini na kusafiri na upepo mpaka upate joto ndipo upae. Askari aliyekariri kwamba "amonia hupanda juu" atauingia ukungu huo akijiamini.

Tukishasimama, tunatoa darubini. Ndiyo, darubini. Lori la kemikali katika nchi nyingi hubeba kibao cha rangi ya machungwa chenye namba mbili, moja juu ya nyingine. Ukiona 268 juu na 1005 chini, hiyo ni amonia: 2 maana yake gesi, 6 ni sumu, 8 ni kitu kinachounguza na kula vyuma. Klorini ni 1017. Namba ikianza na herufi X, maji hayagusi kitu hicho mpaka mtaalamu aseme. Namba nne za chini ndizo tunazopeleka kwenye kitabu cha dharura. Kile kinachotolewa kwa pamoja na Marekani, Kanada na Meksiko kinaiweka klorini kwenye mwongozo namba 124 na amonia namba 125, na yote miwili inaanza kwa kutaka watu waondolewe angalau mita 100 kila upande kabla hujapima chochote. Uvujaji ukiwa mkubwa, umbali wa upande unakoelekea upepo unahesabiwa kwa kilomita.

Kwa hiyo yule askari mnayemwona ameinamia karatasi kwenye boneti ya gari, anatafuta jina la adui. Bila jina hatujui nguo ipi ivaliwe, kipimo kipi kitumike, wala kama maji yataokoa au yataua.

Nasimama hapa kidogo, nitaendelea na vipimo.

---

Kamba_ya_Uokozi

Naendelea.

Vipimo. Hapa naomba vijana wa zimamoto wanaosoma wasome polepole.

Mita ya kawaida tunayotembea nayo inapima vitu vinne: oksijeni, gesi inayoweza kuwaka, kaboni monoksaidi na hidrojeni salfaidi. Hewa safi inasoma oksijeni asilimia 20.9. Mita nyingi zimewekwa zipige kelele oksijeni ikishuka hadi 19.5. Sasa fikiria umesimama mlangoni mwa stoo, mita inasoma 20.8, imenyamaza, taa ni ya kijani. Je, uingie?

Tufanye hesabu. Oksijeni ni kama sehemu moja ya tano ya hewa. Ikipungua kwa asilimia 0.1, maana yake kitu kingine kimechukua nafasi ya karibu asilimia 0.5 ya hewa yote. Asilimia 0.5 ni sehemu 5,000 kwa milioni. Klorini inahesabiwa kuwa hatari kwa uhai papo hapo kuanzia sehemu 10 kwa milioni. Mita ile haina jicho la klorini, kwa hiyo haitasema neno. Hiyo pointi moja iliyopungua kwenye kioo, ambayo kijana anaweza kuidharau, inaweza kuwa kifo mara mia tano.

Amonia vivyo hivyo. Inaanza kuweza kuwaka ikifika asilimia 15 ya hewa. Mita ya gesi ya kuwaka hupiga kelele kwenye sehemu ya kumi ya kiwango hicho, yaani asilimia 1.5, ambayo ni sehemu 15,000 kwa milioni. Mtu asiye na barakoa yuko hatarini kwenye 300. Ukisubiri kelele ya mita hiyo umechelewa mno. Ndiyo maana tunataka kipimo cha gesi husika, na tunapima chini, kifuani na juu ya kichwa, hatua kwa hatua.

Na pua? Pua isitumike kama kipimo. Hidrojeni salfaidi, ile inayonuka mayai viza, ikifika kama sehemu 100 kwa milioni inaua uwezo wa kunusa ndani ya dakika chache. Mtu anasema "harufu imeisha, sasa shwari," kumbe ndiyo imezidi. Mashimo ya maji taka yanaua kwa njia hii: mmoja anazimia, ndugu yake anashuka kumtoa, wa tatu anawafuata. Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, ilionya mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wanaokufa katika sehemu za namna hiyo zilizofungika ni wale waliokwenda kuokoa. Rudia kuisoma sentensi hiyo.

---

FundiBaridi

Mkuu Kamba, heshima yako. Mimi ni fundi wa mitambo ya ubaridi, amonia ndiyo maisha yangu. Ongeza jambo moja: zimamoto wakifika kwenye ghala la baridi, wamtafute fundi wa mtambo kabla ya kugusa chochote. Yeye ndiye anajua vali kuu ya kimiminika iko wapi, na mara nyingi inaweza kufungwa au pampu ikazimwa kutoka nje bila mtu kuingia. Nimeshuhudia watu wakifunga vali isiyohusika, kimiminika kikakwama katikati ya vali mbili, bomba likapanda shinikizo. Hilo ni balaa la pili.

Na tafadhali sana, wasielekeze maji kwenye dimbwi la amonia.

---

Kamba_ya_Uokozi

Fundi, umesema yote. Hilo la maji nilifafanue, maana raia wengi wanadhani gari la maji likifika tatizo limekwisha.

Amonia inapenda maji kupita kiasi, lita moja ya maji inameza mamia ya lita za gesi yake. Kwa hiyo ukungu wa maji uliosambazwa vizuri, ukiwekwa upande unakoelekea wingu, unaisafisha hewa kweli. Lakini kimiminika kilicholala chini ni baridi kali, na maji kwake ni moto: yakikigusa kinachemka kwa fujo na wingu linakuwa kubwa zaidi. Hivyo maji kwa wingu ndiyo, kwa dimbwi hapana. Halafu maji yaliyomeza amonia yanaua samaki, lazima yazuiwe kwa mchanga au udongo yasifike mtoni.

Klorini ni kinyume. Ukimwagia maji tundu la mtungi wa klorini unatengeneza tindikali, inakula chuma, na tundu la msumari linakuwa tundu la kidole. Kinachofanyika ni kuugeuza mtungi ili tundu liwe juu. Kimiminika kinabaki chini, inatoka gesi peke yake. Ni jambo dogo kwa macho, lakini ujazo mmoja wa klorini ya kimiminika unatoa zaidi ya mara 450 ya ujazo huo wa gesi, kwa hiyo kuugeuza tu kunapunguza sumu inayotoka kwa kiasi kikubwa. Kisha linafungwa kwa vifaa maalumu vya mtungi wa aina hiyo. Kulitafuta tundu lenyewe, tunapitisha mvuke wa amonia kidogo karibu na vali: panapovuja panatoa moshi mweupe papo hapo.

---

Mwajuma_K

Kaka Kamba, nimekuelewa lakini roho yangu haijatulia. Kama mtu anaonekana kabisa amelala pale mita hamsini, anasogeza mkono, nanyi mna mitungi ya hewa mgongoni, mtamwacha mnasoma karatasi?

---

Kamba_ya_Uokozi

Dada Mwajuma, hili ndilo swali gumu kuliko yote, na nakujibu kwa moyo wote.

Anayesogeza mkono tunamwita kwanza, kwa kipaza sauti. Wengi wanaweza kutambaa wakielekezwa pa kwenda. Asipoweza, kamanda anapima mambo machache kwa haraka sana: tumemwona kweli au tumeambiwa tu? Yuko hai? Njia ni nyeupe, hakuna ngazi wala mlango wa kuvunja? Gesi inaweza kuwaka? Ikiwa yuko wazi, yuko hai, na gesi haiko katika kiwango cha kulipuka, wawili wanaweza kwenda na nguo zao za moto na mitungi ya hewa, wanamshika, wanatoka, bila kusimama kufanya kingine. Na wawili wengine wamesimama nje wamevaa vile vile, tayari kuwafuata. Askari hao watalipia ngozini, maana klorini na amonia zinauma penye jasho, kwapani na mapajani, na koti la moto halizuii gesi kupenya.

Ikiwa hatujui ni gesi gani, au mtu hatumwoni, hatuingii kwa namna hiyo. Najua linasikika kama ukatili. Lakini askari wakianguka wawili, waliobaki nje watalazimika kuwatoa hao kwanza, na yule wa awali atasubiri zaidi.

---

Zamu_ya_Usiku

Na mimi ni zimamoto. Kwa heshima, mkuu, sikubaliani nawe kwenye nguo za moto. Tukiwafungulia mlango huo vijana, kesho kila tukio litakuwa "mtu alikuwa anaonekana." Mimi msimamo wangu ni suti ya gesi au hakuna kuingia.

---

Kamba_ya_Uokozi

Zamu, nakuheshimu, na hofu yako ni ya haki. Ila suti ya gesi nayo tuiseme ilivyo, raia waelewe kwa nini haivaliwi kwa dakika moja.

Suti hii inamfunika mtu mzima, na mtungi wa hewa uko ndani yake. Mvaaji anakaa kwenye kiti, wenzake wawili wanamvisha. Kabla ya hapo amepimwa shinikizo la damu na mapigo ya moyo, na amekunywa maji. Anaingiza miguu, anavaa barakoa, anaanza kuvuta hewa ya mtungi, ndipo zipu inapandishwa polepole, kwa mikono miwili, huku mwenzake akipapasa kila jino lake. Kuanzia hapo hasikii vizuri, kioo kinapata mvuke, glavu ziko tatu hivi hata bisibisi inaponyoka. Redio ikikatika, kuna ishara za mikono walizokubaliana kabla: mikono kooni, hewa inaniishia. Kidole gumba juu, niko salama.

Hewa yenyewe ina hesabu. Mtungi wa lita 6.8 uliojazwa bar 300 una kama lita 2,000 za hewa. Kwa lita 40 kwa dakika unapata dakika 50. Lakini mtu aliye ndani ya suti, amebeba vifaa, anavuta 60 au zaidi, kwa hiyo ni kama dakika 33. Toa akiba inayobaki filimbi ya onyo la hewa kuisha ikianza kulia, toa dakika za kutembea kwenda, za kurudi, na za kuoshwa kabla ya kuvua, kwa sababu hawezi kuvua barakoa akiwa bado ana sumu juu ya suti. Kazi halisi kwenye vali ni dakika 10 hadi 15. Ndiyo maana sehemu ya kuoshea lazima iwe imesimama, maji yanatoka, kabla mtu wa kwanza hajavuka mstari. Nikifika kwenye mazoezi nikakuta timu inaingia na bomba la kuoshea bado limekunjwa, nasimamisha kila kitu.

Na jingine, Zamu, unalijua: suti hiyo haizuii moto. Mwaka 1984 kule Shreveport, Marekani, askari wawili wa zimamoto waliingia ghala la baridi lililokuwa linavuja amonia wakiwa na suti kamili. Amonia ilikuwa imefika kiwango cha kuwaka, ikashika kwa cheche ya mashine ya kupakulia mizigo. Mmoja alifariki, mwenzake aliungua vibaya. Walijikinga na sumu ipasavyo, mauti yakaja kwa njia ya moto. Kwa hiyo hata "suti au hakuna kuingia" haitoshi bila kujua mita ya kuwaka inasema nini, na bila kuitoa amonia nje kwa feni kwanza.

---

Zamu_ya_Usiku

Hapo nimekubali. Mita kwanza, nguo baadaye.

---

Nesi_Rehema

Naomba nichangie upande wa hospitali. Zimamoto tafadhali mtuletee jina la kemikali, hata limeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa kifuani mwa mgonjwa. Kule Bhopal, India, gesi ya kiwanda ilipovuja usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, maelfu walifika hospitali na madaktari hawakuambiwa ni gesi gani.

La pili, mgonjwa avuliwe nguo huko huko nje. Kwa aliyepata gesi tupu, kuvua nguo na kukaa hewa safi ni sehemu kubwa ya usafi wenyewe. Aliyerukiwa kimiminika au macho yanawaka aoshwe kwa maji mengi, macho dakika 15 bila kukatisha.

La tatu, anayesema "nimepona, niacheni niende." Gesi kama fosjini na naitrojeni dayoksaidi zinaweza kumwacha mtu anaongea vizuri, kisha saa nyingi baadaye mapafu yanajaa maji. Tunamlaza tumwangalie, akae kimya, asifanye kazi nzito. Hii inawahusu na askari wenyewe.

---

Kamba_ya_Uokozi

Asante sana, Nesi. Vijana wangu wengi wanaukwepa uchunguzi huo kwa kuona ni udhaifu. Nitawasomesha ujumbe wako.

---

Mkulima_Halisi

Wakuu, mimi nahifadhi nafaka. Zile tembe za kufukizia wadudu nazo zimo humu?

---

Kamba_ya_Uokozi

Zimo, na ni kali. Tembe za alumini fosfaidi zikikutana na unyevu zinatoa fosfini. Ukikuta mtu amezimia stooni au tembe zinafuka, usimwage maji hata tone. Usilale wala kulaza mtu chumba kinachopakana na stoo iliyofukizwa, gesi inapenya nyufa. Piga simu uwaambie zimamoto neno "fosfini", wataliacha bomba garini na kuja na kipimo chake.

---

JiraniWaKiwanda

Naishi karibu na kiwanda kinachotumia klorini. King'ora kikilia, nikimbie au nijifungie? Kila mtu anasema lake.

---

Kamba_ya_Uokozi

Mkuu, inategemea wingu liko wapi. Kama halijakufikia na una njia, ondoka kwa kukata upepo kwa ubavu. Usikimbie kwa kuufuata, utakimbia pamoja na sumu. Kama limeshafika mtaani, ingia ndani, funga madirisha, zima feni na kiyoyozi, ziba nyufa za milango kwa nguo mbichi, na kwa klorini panda ghorofa ya juu badala ya kushuka chini. Kule Aqaba, Jordan, tarehe 27 Juni 2022, kebo ya kreni ilikatika bandarini, tangi la klorini likaanguka na kupasuka, watu 13 wakafa. Wakazi waliambiwa wabaki ndani na kufunga madirisha. Nyumba haizuii gesi milele, lakini wingu likipita haraka, inayopenya ndani ni kidogo kuliko iliyo nje.

---

JiraniWaKiwanda

Asante. Na nitajuaje kwamba imeisha, nikiwa nimejifungia?

---

Kamba_ya_Uokozi

Hujui mwenyewe, unasubiri kutangaziwa. Sisi tunapita na vipimo kuanzia mbali kuja karibu, tunaingiza mrija kwenye mitaro, chemba na vyumba vya chini kabla ya kusema neno. Sehemu za chini hukaa na klorini hata saa nyingi baada ya barabara kuwa safi. Tukishatangaza, fungua madirisha na milango yote mara moja na utoke nje, kwa sababu wakati huo hewa ya ndani ndiyo chafu kuliko ya nje. Wengi hubaki wamejifungia kwa hofu na kuendelea kuvuta kile kidogo kilichopenya. Kaa nje upande wa upepo mpaka nyumba ipitiwe na hewa, na kama kuna chumba cha chini, asishuke mtu mpaka tuje tupime.